Mrika Ndreca na Droo ya Herufi ya Mwisho

Ndugu, majirani wa hapa Shkodra, na ninyi mlioshuka kutoka milimani kwa barabara yenye theluji, mimi ni Lekë, mtoto wa kaka wa marehemu Mrika, ambaye kabla ya kufa aliniagiza nisome historia yake yote, hata sehemu ambayo familia ingependa niiruke.

Shangazi yetu Mrika alizaliwa tarehe 3 Novemba 1941 kijijini Theth, mtoto wa tatu wa mchungaji wa kondoo Mark Ndreca na mama Dila, akasoma shule hukohuko, kisha hapa mjini hadi 1959, na mwaka 1962 akapelekwa na serikali Beijing kusoma Kichina, ambako, kwa kuwa somo moja halikumtosha, alijifunza pia Kitibeti kwa mzee mmoja wa maktaba. Alirudi Septemba 1965, akaajiriwa Tirana kwenye ofisi ya kamusi, kazi yake ikiwa kulinganisha Kialbania na Kisanskriti, Kigiriki cha kale na Kilithuania, maana alisema lugha yetu imebaki peke yake katika tawi lake, na ndugu zake wa kale lazima watafutwe.

Tarehe 16 Aprili 1967 aliolewa na mwalimu wa hesabu, Ndue Kola, na mwaka 1969 wakajaliwa binti, Vera, tuliye naye hapa. Miaka hiyo dini ilipigwa marufuku, naye kwa siri alikuwa akitafsiri habari za maisha ya watu mashuhuri wa Tibet, watawa, washairi, na hasa wafasiri waliovuka milima kwenda India kutafuta vitabu, wengine wasirudi. Kurasa hizo, alizozipiga kwa taipureta ya ofisi, alizificha katika droo ya mwisho ya kadi za maneno, ile ya herufi ZH, kwa hesabu ya mtu wa kamusi, kwamba ofisi ilikuwa bado kwenye D na droo ile isingeguswa kwa miaka kumi. Wapekuzi wa serikali waliokuja Machi 1974 hawakujua kamusi, walianzia chini. Droo ilikuwa na jina la mwenzake wa ofisini, Pashk Vuksani, na Pashk akafungwa miaka saba katika mgodi wa shaba, huku shangazi amenyamaza, ana mtoto wa miaka mitano.

Sijui mimi ningefanya nini. Najua tangu hapo alihama nyumba mara sita, na mlango ukigongwa alisimama kabla ya mtu yeyote.

Mei 1992 alikwenda kwa Pashk. Kwetu mtu aliyepoteza heshima hupewa kahawa kwa kupitishiwa chini ya goti la mwenyeji, naye akaomba mwenyewe, “Nipitishie chini ya goti, Pashk, karatasi zilikuwa zangu.” Pashk akasema, “Goti lenyewe mgodi umenibakishia moja, Mrika, unataka niliunguze kwa kahawa?” Akamwekea kikombe mezani. “Hilo la kusamehe silijui. Lakini nimefungwa kwa ajili ya watu wa Tibet nisiowafahamu hata mmoja. Njoo Alhamisi unisomee.”

Alikwenda Alhamisi kwa miaka ishirini na sita. Kila alipouliza kama amesamehewa, alijibiwa, “Wewe soma, bibi.”

Alianza kuugua moyo Oktoba 2018, akafariki Jumanne, tarehe 12 Februari 2019, saa nne asubuhi, bila kujibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na kahawa, na wenzake wa ofisi ya kamusi.

Leo asubuhi, wanaume wa ukoo tulipopanga mstari mlangoni kupokea pole, Mzee Pashk alifika na fimbo yake, nikamnyooshea mkono kama tunavyowapa wageni, hakuushika, akaja upande wetu wafiwa, akasimama kati yangu na kaka yangu, akaanza kupokea pole za watu.

Shangazi, umejibiwa. Pumzika sasa, kwa amani.