Nyumba Isiyolaliwa ya Mzee Eleuterio Sulca, Fundi Paa wa Tantarpata

Padri wetu, majirani, makompadre na makomadre, ndugu wa marehemu kwa ubatizo na kwa paa, mliojaa mpaka nje ya ukuta, mimi ni Ubaldina, mtoto wa dada yake, na ninasoma mimi kwa sababu mjomba wangu hakuacha mtoto wa kumsomea.

Marehemu Eleuterio Sulca Yupari alizaliwa tarehe 18 Aprili 1948, hapa hapa Tantarpata, akiwa mtoto wa pili wa mzee Crisanto Sulca, mchomaji wa vigae, na mama Paulina Yupari, akaanza shule mwaka 1956 na kuishia darasa la nne, maana baba yake alihitaji mtu wa kukanyaga udongo, na mwaka 1964 akaenda ng'ambo ya mto kujifunza kuezeka kwa fundi Hilario Pariona, mzee mkali aliyekuwa akimwambia, “Paa hujengei jua, Eleuterio, jua halina ugomvi na mtu.”

Kazi ya kuezeka aliifanya tangu siku hizo hadi mwaka jana, na nyinyi mliokaa hapa wengi mnalala chini ya mikono yake, mnajua wenyewe alivyokuwa akija kabla ya kukubali kazi, anaingia ndani mchana wa jua kali, anafunga mlango, anakaa gizani akitafuna majani yake ya koka na kutazama juu, akitafuta mwanga unapopenya, kisha anawakataza msinunue vigae vipya, kwa sababu maji huingilia kule yakadondokea huku, na mara nyingi kosa ni kigae kimoja kilichohama au ukoka ulioota ukazuia maji. Mzee Nolasco Ccorahua hapa mbele aliwahi kuleta fundi wa mbali mwenye pikipiki na maneno matamu, mvua ya mawe ya kwanza ikamkuta kitandani na sufuria kichwani, akamfuata mjomba akiwa amenywea, na mjomba hakumcheka hata kidogo, isipokuwa alimwambia, “Kompadre, ukitaka fundi, tafuta anayenyeshewa na mvua ileile unayonyeshewa wewe. Huyo nyumba yako ikivuja atakukimbia aende wapi?”

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972 na mama Saturnina Llamocca, mwanamke wa maneno, wakakaa kwenye kibanda cha jiko chenye paa la bati alichoachiwa na baba yake, wakaomba mtoto miaka mingi na hawakujaliwa, na jiko lile, jamani, lilivuja vibaya sana, kwa sababu wakati wa kiangazi, ambao ndio wakati wa kuezeka, mjomba alikuwa juu ya mapaa yenu, na mvua ikianza alikuwa anazunguka kwenu kuuliza kama kunavuja. Mama Saturnina alikuwa akisimama mlangoni anapaza sauti watu wote wasikie, “Njooni mwone mke wa fundi paa, anapika supu chini ya mwavuli!” na mjomba alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Ndipo mwaka 2008 akaanza kumjengea nyumba hii mnayoiona, na Agosti 2009 akaweka kigae cha mwisho.

Desturi yetu hakuna asiyeijua, kwamba nyumba hailaliwi mpaka baba na mama wa paa, mume na mke wa nyumba nyingine, waweke msalaba na fahali wawili wa udongo juu ya mgongo wake, na hao hawajiteui, wanaombwa, wenye nyumba wanakwenda wote wawili, mke amebeba sinia la mkate na simbilisi wa kuchoma, mume amebeba chicha, pombe yetu ya mahindi. Mama Saturnina alikuwa ameshachagua sinia. Tarehe 3 Septemba 2009 aliugua ghafla asubuhi, jioni hatukuwa naye.

Mjomba akabaki jikoni. Akawa anawapandishia wenzake misalaba, maana nusu ya kijiji hiki walimwomba awe baba wa paa, akisimama na dada yangu mkubwa mahali pa mkewe, anashuka anakula, anacheza ngoma moja, anarudi kulala chini ya bati bovu, huku hatua chache mbele yake nyumba nzuri kuliko zote Tantarpata imefungwa. Kila Agosti alikuwa anaifagia, anapaka mlango rangi, anakaa kwenye kizingiti na shati safi, na tukipita tunamsalimia, “Shikamoo mzee, unapunga upepo?” naye anajibu, “Napunga, mwanangu,” na sisi tunapita. Tulidhani anawekea mahindi humo.

Januari mwaka huu wa 2019 kifua kilimbana, akalazwa hospitali ya mkoa, na huko ndiko nilikomuuliza kwa hasira kwa nini alikuwa analowa usiku kucha na nyumba anayo, akasema, “Ubaldina, mwanamume peke yake anakwenda kuomba vipi? Mikono yangu inajua vigae, sinia haijui. Nilifikiri labda mtu atapita aseme, haya, twende.” Nilipompelekea mzee Nolasco maneno hayo alishika kichwa, akasema, “Mungu wangu, sisi wazee tulidhani ameshamwahidi mtu mkubwa. Nani angejipeleka kwa fundi mwenyewe?”

Alifariki tarehe 27 Februari 2019, saa tisa alasiri, kabla hajarudishwa nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake waliochonga jeneza, majirani mliopika, na kwa namna ya pekee mzee Nolasco na mkewe Edelmira, ambao juzi mwili ulipofika walikuja uani na sinia lao, kinyume na desturi zote, wakapiga magoti, na mama Edelmira akasema kwa sauti, “Kompadre, hukuja kwetu, basi sisi tumekuja. Tupe ruhusa,” kisha mumewe akapanda ngazi, na umri wake ule, akasimamisha msalaba na fahali wawili wa udongo kwenye mgongo wa paa, ndipo tukamwingiza mjomba ndani, tukamlaza katikati ya chumba alichomjengea mkewe. Mvua iliyonyesha tangu juzi mpaka leo asubuhi mmeisikia wenyewe, na mimi nilikaa kando yake nikitazama juu kama alivyokuwa akitazama kwenu.

Mjomba, hapavuji. Lala pakavu.