Sanduku la Nati Zilizopasuliwa

Sikilizeni wanangu, wewe Noelene na wewe Graham, na mnisogeze ukingoni mwa baraza nikione vizuri kile kinu cha upepo cha kuvutia maji, maana leo kinageuka, nawaambieni leo kinageuka, na mimi siendi popote kabla sijaona lile gurudumu likizunguka na maji yakiingia tangini! Usinitulize, Noelene. Moyo unanienda mbio kwa furaha, acha uende.

Ya mali niyamalize upesi. Nyumba yako, Noelene, pamoja na mbwa, kwa kuwa yeye hamsikii mtu ila wewe. Kondoo na ardhi mpaka kwenye korongo ni vyako, Graham. Meza ya mama yangu mkiigombania, ikateni katikati mpike nayo chai.

Lakini lile sanduku la bati si lenu, ni la mjomba wenu Vern. Mlidhani ni takataka: nati kuukuu, kila moja babu yenu kaipasua kwa msumeno wa chuma mara tatu. Ukiizungusha kwenye bolti yenye kutu, zile nyufa zinakomba uchafu wote na meno ya bolti yanabaki mazima. Bolti za vinu hivi vya zamani ni za kipimo cha Kiingereza, na mjini wanauza vifaa vya kusafishia meno vya kipimo cha milimita. Hicho cha milimita kitakulaghai: mzunguko wa kwanza laini, wa pili laini, wa tatu kinauma, wa nne kimeshatafuna meno.

Nayajua haya kwa sababu nilifanya mimi. Nipeni maji kidogo. Mwaka ule wa ukame nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na wewe Noelene ulikuwa tumboni, hajui mtu, na baba yako keshatoroka. Nikanunua kifaa kipya nimwonyeshe Baba kwamba nati zake zimepitwa na wakati. Nikapanda mnara peke yangu mpaka kwenye bolti ya kitovu cha gurudumu, na kilipogoma, mjinga mimi, nikauning'inia mpini kwa mwili wote. Wiki haikuisha, bolti ikaachia, gurudumu likalala upande, na kondoo mia sita wakafa kwa kiu.

Baba akauliza, "Nani alipanda?" Nikasema, "Vern." Neno moja tu! Baba akamvua mkanda wa kupandia minara mbele ya watu, akautundika msumarini, na katika nchi hii kijana aliyevuliwa mkanda hapati kazi. Mdogo wangu alinitazama tu, akachukua kofia yake akaondoka. Miaka sitini.

Mwezi uliopita nilimwandikia, "Njoo utengeneze kinu." Lile lingine, la bolti, mkono ulikataa kuliandika. Na yeye akaja, siku mbili kwenye basi, swali lake la kwanza likawa, "Merle, nati za Baba zipo?" Unacheka nini, Graham?

"Mama, mzee ana miaka sabini na tisa! Nimemwambia ashuke nipande mimi, kanijibu nikachemshe chai."

Basi kachemshe! Nikizidiwa kabla hajashuka, mwambieni ninyi. Mwambieni mbele ya watu, kama alivyovuliwa mbele ya watu. Na ule mkanda, bado uko msumarini...

Kriii! Mmeona? Limecheza! Linageuka, jamani, linageuka! Sikilizeni bomba linavyokohoa. Maji hayo! Vern! Shuka, mzee wewe, shuka taratibu!

Mpisheni aketi hapa. Vern, nipe mkono, una grisi, si neno. Ile bolti... ni mimi. Ni mimi, ndugu yangu.

Unasemaje? Ulijua? Ulikiona kile kifaa kwenye kapu langu? Mbona hukusema, Vern, mbona ulinyamaza?

Mmemsikia, wanangu? Anasema Baba angenifukuza, na nilikuwa na mtoto tumboni. Alijua hata hilo. Noelene, mbusu mjomba wako. Mbusu, sina pumzi ya kusema mara mbili.

Nizikeni pale nitakapokisikia kinu. Graham, kila mwaka panda mnarani ukapake grisi badala ya mjomba wako, yeye akae chini akutukane. Mungu awape maji... awape moyo wa kuambiana ukweli mapema. Mvalisheni ule mkanda. Hapa, nione... Kaza kidogo, Noelene. Amekonda.