Jogoo Aliyeingia Kwenye Kaseti

Benchi langu limeegemea ukuta wa kiwanda cha kaseti kilichokufa, hapa mjini Ngunut, na wanaolikalia ni walewale tangu kiwanda kiko hai. Mie nilikuwa nauza kahawa getini, wao wanafanya kazi ndani. Kazi ikaisha, kahawa haikuisha. Yupo Kabel, aliyekuwa anavuta nyaya studio. Yupo Kendang, mpiga ngoma, ambaye mikono yake haijui kustaafu, inapiga chochote, hata mkebe wangu wa sukari. Na yupo Doktor, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja vile vikaratasi vya kwenye makasha ya kaseti. Kavisoma vingi mno, ndiyo maana haachi kutufundisha. Sasa asubuhi hiyo akaja msichana wa chuo kutoka Kediri, jina lake Wening, ana kinasa sauti kidogo kama kiberiti. Eti kiwanda kinafanywa nyumba ya kumbukumbu, na ukutani kutawekwa ubao wa majina ya watu wote waliotengeneza nyimbo humo. Akakiweka kidude chake katikati ya glasi, akasema kila mtu asimulie kwa mdomo wake. Hao watu watatu hao, kuwaambia wasimulie.

— Tuanze na ule wimbo wa daraja, akasema Wening. Ule ambao jogoo anawika katikati. Aliingiaje yule jogoo?

— Nilimwingiza mimi, akasema Kabel. Nilisogeza maiki moja dirishani makusudi. Nilijua atawika.

— Ulijuaje, Pak?

— Mtu wa nyaya anajua, nduk, binti yangu.

— Muongo huyu, akasema Kendang. Maiki zilikuwa mbili, moja mbovu. Hiyo nzima ilikuwa mdomoni kwa mwimbaji. Jogoo aliitwa na ngoma yangu. Kasikilize kaseti, anawika palepale kwenye pigo la mwisho la ubeti, hawahi, hachelewi. Nilimfundisha wiki tatu.

— Ulimfundisha jogoo, wewe ambaye mwanao mpaka leo akipiga makofi harusini watu wanapotea mdundo.

— Jogoo alikuwa na akili.

Doktor, kama desturi ya wavutaji wa huku, alikuwa anapaka mashapo ya kahawa kwenye sigara yake kwa kijiti, mstari baada ya mstari, kama anachora batiki. Akangoja wenzake wapumue.

— Nyote mnaropoka. Yule hakuwa jogoo wa hapa. Alitumwa.

— Na nani?

— Na kampuni moja ya Surabaya. Waliona tunawazidi, wakamleta kwa treni aje atuharibie wimbo. Siku ileile mimi nilimwona mtu mgeni stesheni ameshika kikapu.

— Stesheni kila mtu ana kikapu.

— Hiki kilikuwa kimefunikwa.

— Mbona wimbo ulipendwa?

— Ndiyo maana wao walifilisika.

Wening akaandika. Kweli, akaandika. Nikamwonea huruma na daftari lake jipya.

Kabel akaona anaachwa nyuma.

— Nduk, andika na hili. Mpaka Malaysia walinunua ile kaseti kwa ajili ya jogoo, si kwa ajili ya wimbo. Wenye kuku waliipiga mabandani. Kuku wakisikia, wanataga.

— Mara mbili kwa siku, akasema Kendang.

— Nani kakwambia mara mbili?

— Wewe kuku wa Malaysia umewajulia wapi?

Hapo nikachoka. Nikaweka chujio chini.

— Jogoo alikuwa wangu, nikasema.

Wakanigeukia wote.

— Jina lake Jalu. Nilikuwa namfunika tenga chini ya dirisha la studio, maana pale palikuwa na kivuli. Studio ilikuwa na magodoro ukutani ya kuzuia sauti, joto kama tanuri, wakafungua dirisha kidogo wapate pumzi. Jalu akawika. Basi. Hakutumwa, hakufundishwa.

— Mbah, mzee wetu, miaka arobaini na ushee hujasema?

— Mlikuwa mnaongea.

Wening akaniuliza tena jina la jogoo, akaliandika vizuri, akalipigia mstari chini. Akasema litaingia kwenye ubao, watoto wa shule watalipenda. Siwafichi, nilisikia raha. Nikajiona nami nimeacha kitu duniani.

Sasa pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, kofia ya pikipiki mapajani. Alifika nikiwa naweka birika la pili jikoni, akaagiza. Kahawa yake hakuigusa.

— Samahani, akasema. Na aliyeimba, aliitwa nani?

— Nona Lilis, akajibu Doktor upesi. Jina hilo nimelikunja mpaka vidole vikaota sugu.

— Lilis ni mpwa wa tajiri wenu, Pak. Waliweka picha yake na jina lake kwenye karatasi kwa sababu alikuwa mzuri wa sura. Hata wauza nazi sokoni wanajua. Mimi nauliza aliyeimba.

Kendang alikuwa anapiga mkebe wa sukari. Mikono ikasimama.

— Alikuwa mwembamba, akasema Kabel.

— Mnene, akasema Kendang.

— Wewe ulikuwa nyuma yake.

— Basi huko nyuma alikuwa mnene.

— Alivaa blauzi ya kebaya, ya kijani.

— Nimeuliza jina, akasema yule mama.

Doktor akajikohoza.

— Mbak, dada yangu, elewa. Yule alikuja na basi la asubuhi, akaondoka na la mchana. Mtu wa siku moja jina lake utalishikaje?

— Jogoo naye aliimba siku moja.

Wening akaacha kuandika.

— Litaje wewe, akasema Doktor. Sisi tutakwambia kama ndilo.

— Nikilitaja, nyote mtalikumbuka.

Akaishika glasi yake, hakunywa. Akasema mama yake amefariki mwaka huu, kabla ya mfungo. Kwamba ule wimbo mama alikuwa akiuimba jikoni tu, na redio ikiupiga anaizima. Wao watoto wakimuuliza kwa nini, anawaambia chumvi imekwisha, nendeni dukani. Akasema amesikia juu ya huo ubao.

— Kama ni yeye, nataka aandikwe. Kama siye, nitavaa kofia yangu niende. Sitaki kumwandika mama yangu mahali pa mtu mwingine. Hayo keshafanyiwa mtu mmoja, yanatosha.

— Hakuna alama yoyote? akauliza Wening kwa upole. Kitu alichokisema, alichokifanya?

Kabel akajikuna shingo.

— Kuna kitu alisema. Jogoo alipowika, yule mwanamke aliacha kuimba. Akasema maneno mawili matatu, akaendelea. Tajiri akaniambia toa. Nikakata utepe kwa wembe, nikaunganisha. Ndiyo maana kwenye kaseti jogoo akimaliza tu, sauti ya yule mwanamke hii hapa.

— Alisema nini?

— Upuuzi tu. Nilikitupa kile kipande, nikafagia.

— Pak, alisema nini?

— Nimekwambia nilifagia.

Mama wa watu akaanza kufunga jaketi.

Nami nikawa nalitafuta jina. Mie watu wananisifu kwa kukumbuka. Naijua siku ambayo kila mjukuu wangu aling'oka jino. Yule mwanamke namkumbuka: alikunywa maji ya moto na tangawizi, akakataa sukari, glasi niliyompa ilikuwa na ufa, akaigeuza ufa ukae upande wa pili bila kunisema. Akaomba ya pili. Akachungulia tenga, akaniuliza jogoo anaitwaje, nikamwambia Jalu. Yeye aliuliza jina la jogoo wangu. Mie yeye sikumuuliza.

— Jina silijui, nikasema. Ila alichosema nilikisikia. Nilikuwa nje ya dirisha, nimeinama nimkamate yule jogoo nimzibe mdomo, naogopa nitafukuzwa. Jalu kawika. Yeye akanyamaza, akamngoja. Kisha akamwambia, "Maliza wewe kwanza." Taratibu, kama mtu anamwambia mkubwa wake mezani. Jalu akawika tena, akamaliza, naye akaendelea.

Yule mama zipu ya jaketi ikamshinda. Aliivuta, akaiacha.

— Mama akifika hapo kwenye wimbo, alikuwa anasimamisha mwiko, akasema. Kila siku. Ugali wa muhogo uungue usiungue, anasimamisha mwiko, anasema, "Maliza wewe kwanza." Kwetu hatujafuga hata kifaranga. Baba alidhani anaambiwa yeye. Alikuwa anameza anachotafuna haraka haraka.

Akacheka, machozi yakamtoka palepale. Nikampa kitambaa changu cha kufutia glasi, sikuwa na kingine.

Wening akafungua ukurasa mpya.

— Niandike nani?

— Kasirah.

— Na Jalu nimtoe?

— Muache. Waliimba wawili.

Wening akayaandika majina yote mawili. Ingeishia hapo ingetosha.

— Kasirah, akasema Doktor, akajipiga paja. Si lilikuwa hapahapa ulimini.

— Mimi nilikuwa namwita Rah, akasema Kabel. Tulizoeana sana.

— Alikuwa hajui hata kuingia kwenye ngoma, akasema Kendang. Andika hapo, nduk. Nilimfundisha mimi.

Kile kidude bado kilikuwa kinawaka taa nyekundu, kinameza yote. Nikainuka. Nikazikusanya glasi zao moja moja, hata ya Doktor, kijiti chake bado kimo ndani.

— Mbah, vipi tena? Hebu tuongeze.

— Kahawa imekwisha.

Nikalinyanyua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa limejaa, nikammiminia binti Kasirah mpaka ukingoni, wanaona.