Mwalimu Jeremiah Maundu na Daftari la Mwaka wa Njaa

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani na nyote mliofika hapa Kalama, mimi ni Nzisa, kifungua mimba wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya baba yetu.

Mwalimu Jeremiah Maundu alizaliwa hapa tarehe 12 Machi 1934, mwana wa kwanza wa Mzee Musyoka na Mama Kavata, akaanza shule mwaka 1943, akahitimu ualimu mwaka 1957, na kwa miaka thelathini na miwili akafundisha historia, hadi alipostaafu Desemba 1989. Tarehe 23 Aprili 1960 alifunga ndoa na mama yetu, Ndunge, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Nthambi, na Jeff aliyetutangulia mwaka 1988.

Mwaka 1994 ukoo wetu ulitaka jirani yetu, Mzee Justus Mutinda, ahamishwe kutoka penye chemchemi ya hapa Kalama pamoja na jamaa yake, kwa kuwa walisemekana ni watu wa kuja, na wazee wakamtuma baba atafute ushahidi wa maandishi. Kwa miaka mitatu alikwenda Nairobi kila Jumanne kwenye hifadhi ya nyaraka, na viazi vitamu alivyofungiwa na mama, akasoma barua za wamishonari na orodha za watu walioishi katika vilima hivi karne ya kumi na tisa, na jioni akatusimulia habari zao kana kwamba alikutana nao njiani.

Tarehe 17 Juni 1997 alikuta daftari la njaa kuu ya mwaka 1899, ambamo iliandikwa kwamba mtoto aitwaye Maundu, aliyetoka Kitui akiwa peke yake, amepokelewa na Mutinda wa Kalama, mwenye chemchemi. Mtoto huyo ndiye babu yake, ambaye baba alirithi jina lake, kwa hiyo watu wa kuja tulikuwa sisi.

Baada ya wiki mbili baba aliusoma ukurasa huo mbele ya mkutano wa ukoo. Mdogo wake, baba mdogo Kivuva, ambaye ameniruhusu kuyasema haya, alimwuliza, "Ungeuacha tu, nani angejua?" Baba akamjibu, "Ningejua mimi."

Madai yaliondolewa kwa chifu, lakini baba mdogo hakukanyaga boma letu kwa miaka mitano, jambo lililomuuma baba kuliko maradhi yoyote, hadi Krismasi ya mwaka 2002 alipokuja mwenyewe, akaketi, akaomba asomewe tena ukurasa ule, polepole.

Baba alianza kuugua figo Februari 2005, akatibiwa Machakos, na akafariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2006, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, watunza nyaraka waliomzoea kama ndugu, na wana wa Mzee Justus, ambao tulipoamka jana kwenda kuwaomba majirani watusaidie kuchimba kaburi, tuliwakuta wameshalichimba hadi kiunoni.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, umetuacha tukiwa na amani.