Viatu vya Kijivu vya Bi Koskela

Jumanne, tarehe 13 Oktoba. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaufunika mji wote wa Duluth, hata dereva wa basi akawa anakisia vituo.

Mbele yangu alikaa Arvid Lindqvist, fundi viatu anayegombea ubunge wa jimbo, orodha ya wapiga kura mapajani. Mwanamke wa kiti cha jirani akamgeukia. “Ni wewe uliyechomeka bango mbele ya nyumba ya mama yangu, Bi Koskela? Ling'oe!”

“Dada, mama mwenyewe kaniruhusu. Jumamosi nilibisha hodi, akafungua, akasema kura yake ninayo.”

“Mama tulimzika Machi! Nyumba nimeifunga mwenyewe. Siku hizi mnaomba kura hadi kwa wafu?”

Abiria walicheka. Mimi nilishamwahidi Arvid kura yangu, nikatazama dirishani, ingawa hapakuwa na cha kuona.

Arvid alikagua orodha. Jina lilikuwepo, na alama yake ya kalamu pembeni. “Orodha ni ya zamani, hilo nakubali. Lakini mtu alinifungulia. Kavaa sweta ya kijani, miguu mitupu. Akauliza viatu vyake vya kijivu alivyoniletea dukani vimefikia wapi.”

Kicheko kilikatika. “Tulivitafuta sana viatu hivyo,” mwanamke akasema polepole. “Tukamzika bila viatu.”

Nilianza kusali, na nadhani sikuwa peke yangu. Basi likasimama. Arvid akainuka, akavua kofia.

“Bango naling'oa leo,” akasema kwa sauti, sote tukisikia. “Na viatu nitampelekea Jumamosi, nyie ni mashahidi. Alisema atanisubiri mlangoni.”