Bibi Makumbusho na Kadi ya Mashine Namba Mbili

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, karatasi hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho kwa niaba ya familia, naye anaomba mapema mumvumilie, maana ameiandika mara nne tangu Jumapili, na kila mara kichwa kimemzunguka mahali palepale, tutafika hapo.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, mtoto wa pili kati ya watano, ingawa cheti chake cha shule kinasema 9 Septemba na kitambulisho cha kazi kinasema 6 Agosti, na kila alipoulizwa alijibu kwamba yeye siku hiyo alikuwa mdogo, waulizwe wakubwa, basi familia imeshika ile aliyoitaja mama. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli, 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi 1980, kisha akachukua mafunzo ya miaka miwili ya umeme na utunzaji wa stoo, akamaliza Desemba 1982.

Tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa katika kituo cha kufua umeme kuwa mtunza stoo, na humo alikaa miaka arobaini na ushee, akisimamia vipuri vya turbaini, hasa zile kadi za kijani zinazochomekwa kwenye kabati la kuiongoza mashine, ambazo moja ikifa mashine nzima husimama, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Mwaka 1998 watengenezaji waliandika kwamba kadi za aina ile hawatengenezi tena, wakubwa wakakuna vichwa, na dada yetu, bila kuagizwa na mtu, akaanza kuandika barua kwa kila kiwanda kilichofungwa, akiomba kadi zao za zamani kwa unyenyekevu wa mtu anayepeleka posa, na mafundi wakamwita Bibi Makumbusho, wakamcheka kwelikweli, mpaka siku walipozihitaji.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu, aliyekuwa dereva wa lori la maji, wakajaliwa mabinti wawili, wa 1989 na wa 1993, na shemeji anasema ameishi na mke mmoja na kadi arobaini na moja, kwa sababu chumba cha nyuma kilikuwa na kabati la kadi, kipimo chake cha kuzipimia na kiti kimoja tu, ambacho hakikuwa cha shemeji.

Alistaafu Agosti 2023 lakini hakuacha kutafuta kadi, na Januari mwaka huu alianza kuumwa figo, akalazwa tarehe 3 Machi. Hapa ndipo karatasi inapokataa kuandikika, kwa sababu tarehe 14 Machi dada yetu alitoweka wodini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akarudi na vumbi jeupe kwenye ndala, hakusema alikokwenda, na mdogo wake huyu mnayemsikia alimgombeza mbele ya wagonjwa wengine, akamwita mtoro na mtu asiyewajali wanaomuuguza. Dada alicheka tu, akaomba maji. Aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 9 Aprili, na mdogo wake akanuna wiki tano, akidhani muda upo.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 18 Mei 2025, saa kumi alfajiri, akiwa nyumbani, na mashine namba mbili ilikuwa imesimama tangu Ijumaa kwa kukosa kadi, na ndiyo maana mtaa huu hauna umeme na kipaza sauti hiki kinaendeshwa na jenereta ya jirani. Wenzake walikuja kutoa pole Jumatatu, wakauliza kwa adabu kama marehemu ameacha chochote, kwani uongozi umesema mwisho ni leo Alhamisi, baada ya hapo mashine itauzwa chuma chakavu na watu thelathini na wawili watarudi nyumbani kwao. Mdogo wake alifungua kabati, akachagua kadi tatu zilizokaa vizuri kwenye mifuko yake ya kung'aa, akazikabidhi kwa mikono miwili, na Jumanne wakarudi kusema zote tatu zimekufa. Akatoa nyingine nne, nazo vilevile, hata akaanza kujiuliza, Mungu amsamehe, kama dada alikuwa akitutunzia makaburi miaka yote hiyo. Na matambara yaliyojaa rafu ya chini, nguo kuukuu za watoto, alikuwa ameshayasukumia kikapuni mwenyewe, ili chumba kipendeze kwa wageni.

Leo asubuhi shemeji alitaka kitu laini cha pamba cha kuweka chini ya kichwa cha mkewe, mdogo wake akaleta kutoka kikapuni shati la shule la binti wa pili, lililoviringishwa, likawekwa. Shemeji akasema mto gani huu, mgumu hivi, akalifungua, na ndani yake mlikuwa na kadi na kikaratasi kwa mwandiko wake: nimeitoa kiwanda cha saruji kilichofungwa, 14 Machi, nimeipima nyumbani, nzima, ya namba mbili. Binti mkubwa ndiye aliyekumbuka kwamba mama aliwahi kumwambia, mafundi wenye haraka hunyakua kinachong'aa bila kusaini, kwa hiyo kwenye mifuko alitia mbovu, na nzima akazivisha matambara, akiba haiozi. Ilibaki kidogo tumzike nayo. Mkuu wa zamu aliichukua mbio, akiwa na suti ya msiba.

Mdogo wake hajui aanze kulia kwa lipi, anajua tu kwamba mgonjwa wa figo alipanda mabasi mawili kwenda kwenye kiwanda hicho na mawili kurudi, na malipo yake yakawa kugombezwa, na radhi anayoiomba leo inamfikia aliyelala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani kwa viti, maji na jenereta, na wafanyakazi wenzake waliokesha nasi wakiwa na mzigo wao moyoni. Mwishoni mwa karatasi hii iliachwa nafasi wazi, nayo imejazwa kwa kalamu sasa hivi, baada ya mkuu wa zamu kurudi akiwa na mafuta mikononi: namba mbili imewaka saa saba na dakika kumi mchana. Jirani, unaweza kuzima jenereta.

Dada, zamu yako imekwisha na stoo tumeipokea, pumzika sasa kwa amani, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.