Karatasi Tano za Msasa

Pale Nyakoe, kati ya kibanda cha Haron cha kupuliza rangi na jiko la Nyanchera la kahawa, kuna benchi la ubao wa lori ambalo limekwisha kubeba watu wengi kuliko lori lenyewe. Ijumaa hiyo, saa kumi na mbili jioni, wenyewe walikuwa wameshakaa. Bosire, aliyeacha boda boda baada ya kuvunjika mguu na sasa anaendesha mdomo tu, ndiye wanayemwita Bunge. Omwenga, anayedunga ng'ombe sindano, ni Daktari hata kwa ng'ombe. Haron, ambaye jina lake la kijiweni ni Injinia, alikuwa amesimama. Yeye ni shemasi wa Kisabato. Kahawa haonji, huinusa tu. Juu ya kichwa chake, kwenye waya, ilining'inia fremu kuukuu ya baiskeli ya mashindano, sasa nyekundu kama nyanya iliyooshwa. Kijiwe kizima kilikuwa kinaisifu, na kila sifa ilimwingia Haron kama mwiba.

— Injinia, hii ni rangi ama ni kioo? alisema Bosire. Nimejiona humo ndani nikajipenda upya.

— Ni kawaida tu, alisema Haron.

— Kawaida? Wewe? Juzi ulipaka tangi la pikipiki ukatuambia malaika wanauliza namba yako.

Haron akajifanya anatafuta kitambaa.

Alijua kilichokuwa chini ya ile nyekundu. Wiki tatu nyuma, Mokeira, msichana wa Ekerenyo anayepima majani chai kwenye kituo cha kununulia, alimletea fremu hiyo mikononi kama mtoto mchanga. "Tata, hii si chuma," alimwambia, kwa heshima ya baba. "Ni nyuzi za kaboni zimefumwa kama kitambaa, zikagandishwa kwa gundi. Rangi ya zamani uitoe kwa mkono, kwa msasa na maji, polepole. Mashine usiiguse." Akamwachia karatasi tano za msasa. Haron akacheka, akamwambia amepaka vyombo kuanzia hapa hadi Keroka, hawezi kufundishwa kusugua.

Kisha akaiacha. Kazi zikaja, kazi zikaenda, mpaka Ijumaa iliyopita alipoangalia mlimani akaona jua linakaribia kuzama. Sabato ikiingia hagusi kazi. Akaona aibu kuikaribisha Sabato na kazi ya mtu haijaanzwa, basi akachukua grainda, ile ya kutolea kutu. Kufumba na kufumbua rangi ya zamani ilikuwa imeisha, na pale bomba refu la chini linapokutana na bomba la mbele, nyuzi nyeusi zilikuwa zimesimama nje kama za gunia lililoliwa na panya. Alizilaza kwa kidole. Hazikulala. Akaziba na fila, ule ujiuji mweupe wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, akanawa mikono, akaenda nyumbani kuimba. Jumapili akailainisha, Jumatatu akapuliza nyekundu, makoti manne.

Na Jumapili hii Mokeira alikuwa anashindana, Ekerenyo mpaka Kisii mjini, na ule mteremko mkali katikati.

— Lakini hiyo kitu ni nini hasa? aliuliza Bosire. Nimeinua na kidole kimoja.

— Ni plastiki, alisema Omwenga. Kama tangi la maji, lakini limesoma.

— Yaya, hapana, Daktari! Plastiki haiwezi kubeba mtu. Hiyo ni mabaki ya ndege. Ndege ikizeeka inakatwa vipande, mabawa yanatengeneza baiskeli.

— Na viti?

— Viti ndio hizi sofa mnanunua mjini. Ndio maana ukikalia unalala.

Nyanchera akacheka mpaka kahawa ikamwagikia vidole.

— Basi huyo msichana akianza kuteremka atapaa, alisema. Tumwambie afunge mkanda.

— Atapaa, akaunga Omwenga. Breki ya nini? Atashukia uwanjani Kisii watu wakimpigia makofi.

— Nyamazeni, alisema Haron.

Walinyamaza, kwa sababu Haron hajawahi kuwaambia wanyamaze wakati anasifiwa. Lakini kunyamaza kwa Bosire hakuzidi kumeza mate mara moja.

— Injinia anaona haya! Haki ya nani, leo nimeona.

Hapo ndipo Mokeira aliposhuka kwenye pikipiki ng'ambo ya barabara, kofia ya baiskeli ikiwa mkononi. Akasalimia kila mtu kwa mkono, wazee kwanza. Akaitazama fremu, akaweka kiganja mdomoni.

— Tata Haron! Ni hii kweli?

— Ni hiyo.

— Imekuwa mpya! Akaizunguka mara mbili. Ulisugua kwa mkono, si ndio? Nilikuwa na wasiwasi juu ya mashine.

Haron alifungua mdomo. Bosire akamtangulia, kwa mapenzi ya rafiki.

— Mkono! Binti, sisi ndio mashahidi. Siku tatu huyu mzee anasugua.

— Siku tano, alisema Omwenga. Mimi nilimpa dawa ya vidonda vya vidole. Ile ya chuchu za ng'ombe.

— Usiku mke wake anamwita, na mkono unasugua tu blanketi! Bosire akapiga goti lake zima. Tukamwombea hapa, kanisa lake na la Katoliki pamoja.

Walikuwa wameisikia grainda ile Ijumaa, wote. Bosire mwenyewe alikuwa ameziba masikio. Haron aliwatazama mmoja mmoja wakimdanganyia, na uso wake ukawaka kuliko ile fremu. Uongo wao ulikuwa mtamu, na yeye ndiye aliyepikiwa.

Mokeira alikuwa anatabasamu.

— Asanteni. Basi nipe zile karatasi za msasa zilizobaki, niende nazo. Ziko wapi?

Macho ya Haron yakaenda ukutani.

Nne zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari ukutani, nyuma ya kichwa cha Bosire, zimekunjwa vilevile Mokeira alivyozileta, hata vumbi halijazishika. Ya tano ilikuwa kwenye jiko la Nyanchera, nyeusi tititi. Nyanchera alikuwa ameiomba asugulie tako la birika. Mokeira aliona nne, kisha akaona ya tano. Bosire akaangalia kikombe chake kana kwamba kuna samaki ndani. Omwenga akakumbuka ng'ombe fulani, lakini hakuinuka.

Haron akaishusha fremu. Akatoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni, akaanza kugonga bomba la chini kutoka nyuma. Ti, ti, ti, ti, kavu na safi. Akasogea mbele. Ti, ti. Halafu: bwu. Kama kugonga papai.

Akang'oa msumari, karatasi nne zikaanguka chini. Kwa ncha ya msumari akachora duara juu ya nyekundu yake mwenyewe, akikaza mkono mpaka fila nyeupe ikatoka kama unga. Nyuzi nyeusi zikachungulia.

— Grainda, alisema. Hawa wanaongopa kwa ajili yangu. Usiipande, binti. Itakukatikia.

Mokeira aliweka kidole ndani ya duara. Akakaa kwenye benchi, kwenye nafasi ya Haron. Alipotazama juu, macho yake hayakwenda kwa Haron kwanza. Yalikwenda mlimani, ambako jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole. Sabato ilikuwa mlangoni. Baada ya Sabato, Jumapili asubuhi, mteremko.

— Ungeniambia lini?

Haron alitazama mlima ule ule. Nyanchera, kwa kukosa la kufanya, akamchukulia msichana kikombe na kuinamisha birika. Likatoa tone moja, halafu machicha.